Maswali Yenu ya Biolojia: Jani Lisilogeuka Bluu, Selimundu, Papai Bichi na Mchicha Ulionyauka

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi, mzazi, dereva, mpishi, mwalimu na mkulima. Tumezifupisha, lakini swali lenyewe hatukuligusa.

Jani letu lilibaki kahawia

*Tuliambiwa jani lenye wanga likitiwa iodini hugeuka bluu inayokaribia weusi. Tulichuma jani asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, tukalidondoshea iodini. Likabaki kahawia. Je, halikufanya usanisinuru, yaani kutengeneza chakula kwa mwanga? Mwanafunzi wa kidato cha pili, Morogoro.*

Lilifanya, ila mlilichuma saa mbaya na mkaruka hatua zinazolifanya jaribio hili lifaulu.

Mchana, jani hutengeneza sukari haraka kuliko linavyoweza kuisafirisha. Ziada hugeuzwa wanga na kuwekwa ndani ya kloroplasti, zile chembe za kijani zilizomo ndani ya seli za jani. Usiku wanga huo huvunjwa tena kuwa sukari, ikapelekwa kwenye mizizi, shina na vichipukizi. Kufikia alfajiri hubaki kidogo sana. Chumeni jani saa nane au saa tisa mchana, siku yenye jua.

Kisha lichemsheni kwenye maji kwa dakika moja. Hatua hii wengi huiona ya kupoteza muda, na ndiyo inayowaangusha. Maji yanayochemka huua seli, husimamisha vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia) visiendelee kuvunja wanga, na hupasua tando za seli. Utando ulio hai hauiruhusu iodini kuingia kwa urahisi, kwa hiyo mkiidondoshea kwenye jani bichi itakaa juu tu.

Baada ya hapo ondoeni rangi ya kijani. Zimeni moto kwanza, maana spiriti huchemka kwenye nyuzijoto 78 hivi na mvuke wake hushika moto ukiwa mbali na chombo. Tieni jani kwenye neli yenye spiriti, kisha isimamisheni neli ndani ya maji yaliyokwisha kuchemka na kuepuliwa. Ndani ya dakika tano hadi kumi klorofili itatoka na jani litakuwa jeupe-jeupe, kavu na rahisi kuvunjika. Lichovyeni sekunde chache kwenye maji ya vuguvugu lilainike, mlitandaze kwenye sahani nyeupe, na mliache lipoe kabisa. Rangi ya bluu ya wanga na iodini hupotea kwenye joto. Jani likiwa la moto mtasoma jibu lisilo sahihi. Sasa dondosheni iodini na msubiri dakika mbili au tatu.

Iodini ya duka la dawa mara nyingi ni kali mno. Izimueni kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Isipozimuliwa hulifanya jani zima kuwa kahawia nzito, na hapo hata penye wanga hapaonekani. Majani ya matembele au maharage yanafaa sana. La mwembe ni gumu na lina nta. La kitunguu liacheni kabisa, kwa sababu kitunguu huhifadhi sukari badala ya wanga.

Mkitaka kuthibitisha kwamba mwanga unahitajika, wekeni mmea wa kwenye kopo gizani kwa saa 48, kisha pimeni jani moja mhakikishe halina wanga. Bila kipimo hicho, wanga mtakaouona baadaye unaweza kuwa wa juzi. Funikeni sehemu ya jani lingine kwa karatasi ya alumini juu na chini, na mwache mmea juani saa nne hadi sita. Kwenye jani la tatu fungeni plastiki angavu ya ukubwa uleule. Mtahini makini atauliza kama ni giza lililozuia wanga au ni kule kufunikwa kulikozuia hewa, na jani hilo la tatu ndilo litakalowajibia.

Amoksilini na mafua

*Nikishikwa na mafua hunywa amoksilini na siku ya tano nimepona. Mbona daktari anakataa kuniandikia? Dereva, Nakuru.*

Siku ya tano ungepona hata bila hiyo dawa. Amoksilini huzuia bakteria kujenga ukuta wa seli yake. Ukuta ukiwa dhaifu, maji huingia na bakteria hupasuka. Seli zako hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana dawa humuua bakteria bila kukupasua wewe. Kirusi cha mafua nacho hakina ukuta. Si seli hata kidogo: ni maelekezo ya urithi yaliyofungwa ndani ya protini, na hutumia mitambo ya seli zako mwenyewe kuzaliana. Dawa haina pa kushika. Inachofanya ni kuua bakteria wenye faida tumboni mwako na kuwaachia nafasi wale sugu. Ukipata homa kali isiyoshuka, kifua kinachobana au maumivu makali ya sikio, hilo ni jambo jingine, nenda ukapimwe.

Mtoto ana selimundu, sisi wazima

*Mimi na mume wangu hatujawahi kuugua. Mtoto wetu wa kwanza ana mwaka mmoja na vipimo vimeonyesha ana selimundu. Upande wa mume wanasema ugonjwa umetoka kwetu. Daktari alituambia uwezekano ni mmoja kati ya wanne. Basi watatu wanaofuata watakuwa salama? Mama, Mombasa.*

Mama, pole kwa kuuguza. Tuanze na hilo la lawama, kwa kuwa biolojia inalijibu bila utata: mtoto mwenye selimundu ana SS, yaani nakala mbili za jeni yenye kasoro, S; amepata S moja kwa baba na S moja kwa mama. Haiwezekani zote mbili zimetoka upande mmoja. Nyote wawili, kwa maelezo yako, ni AS: mna nakala moja ya kawaida, A, na moja ya S.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayoelekeza utengenezaji wa sehemu moja ya himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Jeni hiyo ipo kwenye kromosomu ya 11. Nakala ya A ni ya kawaida. Kwenye S kuna badiliko la herufi moja tu ya maelekezo, nalo husababisha asidi amino (kipande kinachojenga protini) ya sita katika mnyororo, iliyopaswa kuwa glutamiki, iwe valini. Himoglobini hiyo inapopungukiwa oksijeni hushikamana na kutengeneza nyuzi ndefu, na nyuzi hizo huikunja chembe iwe na umbo la mundu. Chembe zilizokunjwa huziba mishipa midogo, ndipo maumivu makali ya mifupa yanapokuja. Pia hufa mapema: chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya mwenye SS huishi kama siku 10 hadi 20. Mwili hauwezi kuzirudishia kwa kasi hiyo, kwa hiyo damu hupungua.

Mtu wa AS ana himoglobini ya kawaida ya kutosha kuzuia hayo katika maisha ya kila siku. Ndiyo maana hamkuwahi kuugua na hamkujua.

Kuhusu hesabu, mbegu ya baba hubeba A au S, na yai la mama vilevile. Miungano inayowezekana ni minne: A na A, A na S, S na A, S na S. Kwa hiyo robo ni SS, nusu ni AS, robo ni AA. Lakini robo hiyo ni ya kila mimba peke yake. Mimba ya pili haijui kilichotokea kwenye ya kwanza. Ukizaa watoto wengine watatu, uwezekano wa wote watatu kutokuwa na SS ni robo tatu mara robo tatu mara robo tatu, yaani 27 kati ya 64, chini kidogo ya nusu. Hatusemi hivi kukutisha. Tunasema kwa sababu familia nyingi zimepanga uzazi zikiamini kwamba "zamu" imekwisha kupita.

Msisitizo wetu mkubwa ni kwenye kipimo. Kile cha haraka, cha kuangalia kama chembe zinakunjwa zinaponyimwa oksijeni, hutoa jibu la "ipo" kwa AS na kwa SS sawasawa. Hakitenganishi mbebaji na mgonjwa. Kinachotenganisha ni elektroforesisi ya himoglobini, ambamo A na S husafiri kwa mwendo tofauti kwenye umeme. Wewe na mume wako mkapime kwa njia hiyo, na ndugu zenu wanaotarajia kuoa au kuolewa pia. Mwenye AS akioana na AA hawapati mtoto wa SS. Nusu ya uzao kwa wastani watakuwa AS. AS akioana na SS, nusu kwa wastani watakuwa SS.

Yawezekana mlishangaa mtoto alikuwa mzima miezi ya mwanzo. Mtoto mchanga huzaliwa na himoglobini ya kijusi, isiyotumia jeni hiyo, na humlinda mpaka ipungue. Dalili huanza kuonekana karibu na miezi sita. Kwa sasa jambo la kutolichezea ni homa: wengu, au bandama, huharibika mapema kwa watoto hawa, na bakteria wa kwenye damu huwazidi nguvu haraka. Joto likifika nyuzi 38, mpeleke hospitali saa ileile, hata kama ni usiku. Ulizeni kliniki kuhusu penisilini ya kinga, asidi ya foliki, chanjo na dawa ya haidroksiyurea.

Na kwa nini jeni yenye madhara haya haikutoweka? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake wa Afrika Mashariki ulioonyesha kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Palipo na malaria nyingi, watoto wa AS walinusurika zaidi wakairithisha S. Uteuzi wa asili mara nyingi hufundishwa kwa ndege wa visiwa vya mbali, ilhali mfano huu umo katika damu za watu wa pwani yetu. Kinga hiyo si kamili, kwa hiyo chandarua kibaki kitandani.

Papai lililochemshwa halilainishi nyama

*Nyama nikiipaka papai bichi hulainika. Juzi nilichemsha papai kwanza nikidhani litafanya kazi haraka, halikufanya kitu. Na nikiacha usiku kucha nyama huvurugika. Mpishi, Unguja.*

Utomvu mweupe wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukata minyororo ya protini. Kimeng'enya chenyewe ni protini iliyojikunja ikaacha mfuko mdogo wenye umbo maalumu. Kitu kinachoingia mfukoni humo ndicho hukatwa. Kuchemsha hukunjua protini hiyo, mfuko ukapoteza umbo, na haurudi ukipoa. Wanafunzi wanaosoma hapa waandike kwamba kimeng'enya "kimeharibika umbo", wasiandike "kimekufa", kwa kuwa hakikuwa na uhai.

Baridi hufanya tofauti na joto. Jokofu hupunguza kasi tu, na nyama ikitolewa kazi huendelea. Papaini ina sifa ya pekee: vimeng'enya vingi vya mwili wetu hupenda nyuzi 37 hivi, yenyewe hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 60 hadi 65. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ulainishaji hutokea nyama inapoanza kupata moto taratibu, kabla ya kuchemka. Ukiitupa moja kwa moja kwenye mafuta ya moto sana unaikosa hatua hiyo.

Kijiko kimoja cha chakula cha papai bichi lililokunwa kinatosha kilo moja ya nyama iliyokatwa vipande, kwa nusu saa hadi saa moja. Ukizidisha muda, kimeng'enya hakichagui: hukata nyuzi za nyama zenyewe, na uso wa kipande hugeuka rojo huku katikati kukiwa bado kugumu. Papai lililoiva halina utomvu wa kutosha kwa kazi hii. Utomvu huwasha ngozi, uoshe mikono mapema.

Walimu wanaweza kuligeuza hili kuwa somo. Tengeneza jeli ya jelatini kwenye vikombe vitatu: kimoja na papai bichi, kimoja na papai lililochemshwa dakika kumi, kimoja bila kitu. Cha kwanza hakitaganda. Lakini jeli isiwe ya mwani, hata kama Unguja mwani upo tele. Mgando wa mwani ni kabohaidreti, na papaini haina kazi nao. Vikombe vyote vitatu vitaganda na darasa litaondoka na hitimisho potofu.

Miduara myeusi kwenye hadubini

*Wanafunzi wangu wanachora miduara yenye ukingo mnene mweusi wakisema ni seli za kitunguu. Na utando wa seli hatuuoni kabisa. Tatizo ni hadubini? Mwalimu, Kigoma.*

Hadubini ni nzima. Miduara hiyo ni viputo vya hewa. Seli ya ngozi ya kitunguu ni ndefu, ina pembe, na zimepangana bila nafasi.

Chukua gamba la ndani lenye maji, livunje, na uvute ngozi nyembamba ya upande uliobonyea. Kata kipande cha milimita tano. Weka tone la maji kwenye kioo kabla ya ngozi, usiweke ngozi ikiwa kavu halafu ukaifuata na maji. Itandaze isikunjane, ongeza tone la iodini, kisha shika kifuniko cha kioo kikiwa kimeinama kwa nyuzi 45, ukishushe polepole kwa sindano. Kikiangushwa bapa hewa hubanwa chini yake, na hapo ndipo miduara inapozaliwa.

Anza na lenzi fupi kuliko zote, ya 4, yaani inayokuza mara nne. Inua meza ya hadubini ukiwa unaitazama kwa pembeni, kisha angalia kwenye lenzi ya jicho huku ukiishusha. Ukifanya kinyume, siku moja lenzi ya 40 itavunja kioo. Ukuzaji ni lenzi ya jicho mara lenzi ya chini: 10 mara 40 ni 400.

Ukubwa halisi wanafunzi waupime, wasikariri. Weka rula angavu chini ya lenzi ya 4. Hadubini nyingi za shule zitaonyesha upana wa milimita 4.5 hivi. Seli 15 zikijipanga kwa urefu kuvuka upana huo, kila moja ina milimita 0.3. Kwenye lenzi ya 40 upana unaoonekana hupungua mara kumi, milimita 0.45, na mwanga nao hupungua, kwa hiyo fungua tundu la mwanga zaidi.

Utando wa seli una unene wa nanomita 7 au 8. Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana zaidi ya nanomita 200 hivi. Mstari mnaouona ni ukuta. Mwanafunzi achore alichokiona, na mchoro wenye utando, mitokondria na kloroplasti uliotokana na ngozi ya kitunguu urudishwe: kitunguu hukua ardhini, seli hizo hazina kloroplasti.

Ipo njia ya kuuona ulipo utando bila kuuona wenyewe. Tumia ngozi ya nje ya gamba la kitunguu chekundu, iliyo na rangi, na maji bila iodini. Dondosha maji ya chumvi, gramu 5 kwa mililita 100, pembeni mwa kifuniko, na upande wa pili yavute kwa karatasi laini. Ndani ya dakika chache sehemu yenye rangi husinyaa na kujitenga na ukuta. Ukingo wa rangi hiyo ndipo utando ulipo.

Mchicha umenyauka baada ya mbolea

*Nilimwaga urea kwenye kitanda cha mchicha, nikamwagilia kidogo. Kesho yake umenyauka ilhali udongo ni mbichi. Mwanangu wa sekondari anasema ni osmosisi. Mkulima, Lushoto.*

Mwanao yuko sahihi, na ni jambo lilelile la kitunguu hapo juu. Maji hupita kwenye utando kutoka penye vitu vichache vilivyoyeyuka kwenda penye vingi. Kwa kawaida seli za mzizi zina vitu vingi kuliko maji ya udongo, hivyo maji huingia. Urea nyingi ikiyeyuka kwenye maji kidogo, udongo ndio unaokuwa na vingi. Maji hayaingii, na mengine hutoka. Ule umwagiliaji wa kidogo uliyeyusha mbolea bila kuizimua. Zaidi ya hapo, urea ikivunjwa udongoni hutoa amonia, nayo huunguza mizizi iliyo karibu.

Mwanao akitaka kukuonyesha, akate vipande vya kiazi mviringo visivyo na ganda, sentimita 5 kila kimoja, avipime uzito, aviloweke saa moja kwenye maji matupu na kwenye sukari gramu 5, 10 na 20 kwa mililita 100. Avikaushe juujuu kwa namna moja vyote kabla ya kuvipima tena. Maji yaliyoachwa juu ya kipande kimoja na kufutwa kwenye kingine ndiyo huharibu matokeo. Badiliko ligawanywe kwa uzito wa mwanzo, mara 100. Kwenye maji matupu kiazi kitaongezeka, kwenye gramu 20 kitapungua na kulegea, na karibu na gramu 10 kitabaki takriban vilevile.

Shambani, mwagilia sasa kwa wingi, mara mbili au tatu, ukihakikisha maji yana njia ya kutoka kitandani. Majani yaliyoungua kingo hayatapona, yachume. Ng'oa mche mmoja uutazame mzizi: ukiwa mweupe na mgumu, mchicha utachipua, ukiwa kahawia na laini, otesha upya baada ya kumwagilia siku kadhaa. Safari ijayo urea isizidi gramu 10 kwa mita ya mraba kwa mara moja, yaani gramu 50 kwa kitanda cha mita moja kwa tano. Iweke kwenye mfereji mdogo ulio umbali wa vidole vitatu kutoka kwenye mashina, uifukie, kisha mwagilia mpaka maji yafike chini ya mizizi.